Kioo Kwenye Tundu la Ngazi

Tumpe: Haloo? Ni nani mwenzangu?

Sosthenes: Kamwene, Mama Blessing.

Tumpe: Kamwene. Ni nani? Paza sauti, huku kuna kelele.

Sosthenes: Shemeji yako.

Tumpe: Shemeji gani? Namba siijui hii.

Sosthenes: Kwani unao wangapi? Sosthenes! Hii simu ya Dastan, dereva wangu. Yangu umegoma kuipokea toka asubuhi.

Tumpe: Sijagoma. Mimi nilikuwa juu ya nyumba, simu iko chini.

Sosthenes: Juu ya nyumba! Mwanamke mzima.

Tumpe: Mwanamke mzima ana miguu. Za Igowole? Wote hawajambo?

Sosthenes: Wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anaendeleaje?

Tumpe: Yupo.

Sosthenes: Yupo vipi?

Tumpe: Yupo, shemeji. Anayetaka kujua yupo vipi anapanda gari, siyo mbali hivyo. Haya, umenitafuta kwa simu ya watu, una jambo. Sema.

Sosthenes: Ninalo. Nimeona stetasi ya fundi Rabson.

Tumpe: Enhe.

Sosthenes: Kajipiga picha. Kavaa miwani ya kuchomelea, kashika grenda kama kashika bunduki, kaandika “Kazi inaendelea Ilomba, Mungu ni mwema.” Nyuma yake naona tenki la bluu. Nikajiambia, hili tenki si geni. Nikaikuza picha. Nikaona nondo. Nondo zangu!

Tumpe: Zako?

Sosthenes: Slabu ya kaka Clement ile! Sasa naomba uniambie taratibu, Mama Blessing, mnafanya nini juu ya— [mngurumo wa chuma] —nini hiyo?

Tumpe: Nini?

Sosthenes: Hiyo sauti!

Tumpe: Grenda. Si umeiona kwenye picha?

Sosthenes: Inakata nini?

Tumpe: Subiri, ngoja niingie jikoni... Haya, sasa nakusikia. Tunaweka kioo.

Sosthenes: Kioo wapi?

Tumpe: Juu. Sebuleni, pale katikati ya nyumba alipo mama. Kioo kinene cha kupitisha mwanga. Akilala chali aone mawingu, akiona jua ajue jua.

Sosthenes: Umerukwa na akili.

Tumpe: Inawezekana. Lakini mwanga utaingia.

Sosthenes: Lile paa ni zege, Tumpe! Zege! Halitobolewi kama papai. Mtakata nondo za chini, slabu itashuka, itamwangukia mama, iwaangukie na watoto—

Tumpe: Leo umeniita Tumpe.

Sosthenes: Nimekuita jina lako.

Tumpe: Toka nimeolewa hujawahi. Ni vizuri, endelea.

Sosthenes: Naendelea! Madirisha yako ukutani, Mungu na mafundi ndivyo walivyopanga. Nani kakwambia dirisha linawekwa kichwani mwa nyumba?

Tumpe: Ukutani kuna lodge ya jirani. Umesahau? Ah, hujasahau, hujaiona. Kajenga ghorofa mbili hadi mpakani. Dirisha la upande ule ukilifungua unashika matofali yake. Ule mwingine ni mlango wa barazani, na barazani kuna upepo wa baridi unaoingia—

Sosthenes: Mhamishie chumbani.

Tumpe: Kitanda kile cha magurudumu hakipiti kwenye mlango wa chumba. Na mwenyewe hataki. Anasema asifichwe chumbani kama gunia la viazi, alazwe watu wanapopita.

Sosthenes: Basi mtoeni nje asubuhi, aote jua.

Tumpe: Tulimtoa. Mwezi wa sita, na baridi hii ya Mbeya unayoijua. Siku ya tatu akashikwa na kichomi. Nilikupigia. Ukasema unakuja Jumamosi.

Sosthenes: Gari lilikuwa—

Tumpe: Sikudai. Nakukumbusha tu. Mama mwenyewe siku hizi nikimwambia “Sosthenes kasema anakuja Jumamosi,” unajua anauliza nini? Anauliza “Ipi?” ...Haloo?

Sosthenes: Nipo. Mtandao. Ngoja nipande juu ya magogo, hapa kiwandani unashika kwenye magogo tu... Haya. Wekeni taa.

Tumpe: Taa!

Sosthenes: Taa kubwa. Siku hizi kuna hizi nyeupe, zinawaka kama mchana. Nanunua mimi. Namtuma Dastan leo leo.

Tumpe: Shemeji, unajua mama hataki kula?

Sosthenes: Mgonjwa gani anapenda kula? Mlazimisheni kidogo—

Tumpe: Tulia nikusimulie. Nampelekea uji asubuhi, jua limeshapanda, watoto wako shule. Sebule nzima giza. Anashika bakuli, anageuka kutazama dirisha, anaona matofali. Anaangalia juu, anaona mbao nyeusi. Ananirudishia bakuli. “Mwanangu, mtu anakula usiku wa manane? Nenda kalale.” Namwambia mama, ni asubuhi. Ananiangalia kama nimelewa. Namletea ubwabwa mchana. “Wewe binti, hulali? Mchawi ndiye anapika saa hizi.” Hicho ndicho ninachoambiwa katika nyumba yangu. Mchawi!

Sosthenes: Kichwa kimechoka tu. Ni uzee.

Tumpe: Kichwa hakijachoka! Mtu aliyelima miaka yote hiyo Igowole, saa yake ni jua. Hajawahi kuvaa saa mkononi. Akiona kivuli kimefika mahali fulani anajua ng’ombe wametoka, akiona kimerudi anajua ni muda wa kubandika chungu. Mmemtoa kule mkaniletea mimi, sawa, nimempokea kwa mikono miwili, ni mama yangu. Lakini nimemweka kwenye giza. Hana jua, hana saa, hana mchana. Sasa atajuaje kwamba ni muda wa kula?

Sosthenes: Ndiyo nasema taa—

Tumpe: Taa anaiona! Nikiwasha anasema “Zima hiyo, mnamaliza umeme usiku wote.” Na ukikatika, ndiyo kabisa, anasema afadhali, sasa watu watalala. Daktari kaja hapa, kamwangalia, kaniambia: mama, huyu bibi haumwi njaa wala tumbo, anapotelewa na saa. Mpe mwanga wa jua, mchana aujue ni mchana, usiku aujue ni usiku. Asipopata, ataacha kula kabisa, na mtu mzima akiacha kula hachukui muda. Maneno ya daktari, siyo yangu.

Sosthenes: Hukuniambia.

Tumpe: Nilikuambia. Ukaniambia unakuja Jumamosi tuongee vizuri.

Sosthenes: [kelele za msumeno] Nyie! Zimeni hiyo mashine, naongea! ...Mama Blessing, nisikilize. Simkatalii mama mwanga. Nani atamkatalia mama yake mwanga? Nakataa njia. Tulikaa kikao, unakumbuka? Siku ya kuanua matanga ya Clement. Wazee wote pale. Wakasema, nyumba ya chini ni ya Mama Blessing na wanawe. Juu ni ya Sosthenes, maana ndivyo walivyokubaliana wao wawili na marehemu, mmoja ajenge chini, mwingine apandishe. Slabu isiguswe na mtu. Ulikuwepo.

Tumpe: Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa chini na khanga kichwani, macho yamevimba. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Sosthenes: Ulinyamaza.

Tumpe: Nilikuwa namlilia mume wangu! Ulitaka nisimame nijadili zege?

Sosthenes: Sikusema hivyo.

Tumpe: Haya. Kikao kilisema slabu isiguswe. Haijaguswa.

Sosthenes: Na grenda linakata nini? Mchicha?

Tumpe: Hatujabandua hata kokoto moja ya zege lile. Unajua ni nani aliyelibeba? Unakumbuka siku ya kumwaga slabu, lori lilipoleta ukoo mzima kutoka Igowole? Nyie wanaume mmejipanga kwenye kichanja, na sisi wanawake tunapandisha ndoo. Nilikuwa na mimba ya Blessing. Mama akaniambia shuka mwanangu, nikamwambia mama, nyumba yangu hii, nitabeba hadi ndoo ya mwisho. Nikabeba. Zege lile liko kwenye shingo yangu mpaka leo, nikigeuka usiku nalisikia. Nilibomoe mimi? Nina kichaa?

Sosthenes: Sasa kioo mnakiweka wapi, hewani?

Tumpe: Kwenye tundu la ngazi.

Sosthenes: Tundu la...

Tumpe: La ngazi. Lile aliloliacha Clement katikati ya sebule, ngazi ya kupandia ghorofani ipite pale. Tuliloliziba kwa mbao na bati na turubai, ukasema “msiliguse, ni la muda tu, masika yakiisha naanza kujenga.” Masika gani, hukusema. Kila mvua ikinyesha naweka beseni sebuleni. Sasa Rabson katengeneza fremu ya chuma, inakaa pale pale juu ya kingo, kioo juu yake, na silikoni pembeni. Basi. Nondo anazokata ni zile za kushikia ngazi tu, zilizochomoza kwenye ukingo. Zinaizuia fremu isikae.

Sosthenes: Sasa mimi nitapandia wapi?

Tumpe: Eeeh! Hapo! Hapo hapo ndipo nilikuwa nakusubiri!

Sosthenes: Ni swali la kawaida—

Tumpe: Nimekuambia mama yako hali chakula, ukaniambia weka taa. Nimekuambia daktari kasema nini, ukaniambia hukuambiwa. Nimekuambia tundu lako limezibwa, moyo umeshtuka! “Nitapandia wapi!” Ungeisikia mwenyewe, sauti yako imekuwa kama ya mtoto kaibiwa mkate.

Sosthenes: Usinitukane, Tumpe.

Tumpe: Sikutukani, nakusikiliza vizuri kuliko unavyojisikiliza.

Sosthenes: Ile ndiyo sehemu yangu! Ndicho kitu pekee mimi na kaka yangu tulipanga pamoja! Tulikaa juu pale, mimi na yeye, slabu haijakauka vizuri, akanionyesha: hapa chumba chako, hapa choo, hapa utakaa jioni unaangalia mlima Loleza. Na wewe leo unakata nondo alizozifunga kwa mikono yake!

Tumpe: Kazifunga, najua. Nilimshikia waya. Na nondo za pembeni zote zipo, hakuna aliyezigusa. Tunaanikia nguo. Sare za Blessing zinaning’inia kwenye chumba chako cha kulala sasa hivi.

Sosthenes: Unanicheka.

Tumpe: Nacheka ili nisikutukane kweli. Sosthenes, tufali moja! Ungeleta tufali moja tu, hata la kuchoma, ukaliweka pale juu, mimi ningesema huyu kaanza. Nyasi zimeota kwenye zile nondo. Kuna ndege kajenga pale. Ndege! Kapanda, kajenga, kataga, kalea, kaondoka, kakuacha wewe unapanga.

Sosthenes: Mbao zimeshuka bei, unajua hali ya Igowole ilivyo—

Tumpe: Sijakudai hesabu. Jenga mwakani, jenga mwaka wa kesho kutwa. Ngazi utaiweka nje, ukutani, kama watu wote wenye wapangaji juu. Clement hayupo wa kukukatalia.

Sosthenes: Ngazi ya nje! Nipande kwa nje kama mpangaji, kwenye nyumba ya kaka yangu!

Tumpe: Mama yako mchana wote kwake ni usiku, na wewe unalilia kupitia ndani. Haya.

Sosthenes: Mpe Rabson simu.

Tumpe: Wa nini?

Sosthenes: Rabson ni mtoto wa Igowole, kwao napajua, baba yake namjua. Mpe simu.

Tumpe: Sawa, natoka nje... Rabson! Rabson wee! Kaka Sosthenes anakutaka! ...Anasema nini? ...Anasema ana grenda mkononi, hawezi kushika simu. Anasema atakupigia Jumamosi.

Sosthenes: Nani kamfundisha hiyo?

Tumpe: Ilomba nzima wanaijua.

Sosthenes: Nitampigia mwenyekiti wa mtaa. Sasa hivi. Asimamishe hiyo kazi mpaka ukoo ukae.

Tumpe: Mpigie, ila hatapokea.

Sosthenes: Kwa nini?

Tumpe: Yuko hapa. Ndiye kashikilia ngazi ya mbao asianguke Rabson. Alikuja jana kukagua, nikampeleka kwa mama. Mama akamwambia, “Mwenyekiti, unakuja kwa watu usiku huu, kuna msiba?” Mwanaume akatoka anafuta macho. Leo kaja na nyundo yake mwenyewe.

Sosthenes: Basi nakuja na wazee. Nakuja na baba mkubwa, na shangazi, na—

Tumpe: Njoo nao! Wapakie wote kwenye lori lako la mbao! Nitachinja kuku, nitapika mchele wa Madibira, wakae kikao chao sebuleni, chini ya kioo, mama akiwa anawaangalia. Wazee wakisema kioo kitoke, waniambie mbele yake. Mmoja asimame aseme: “Dada, rudi gizani, ngazi ya Sosthenes ni muhimu.” Nataka nimwone huyo mzee. Lakini kioo sitoi. Mkikitoa mtakitoa mkiwa mmenifunga kamba.

Sosthenes: Nyie Wanyakyusa...

Tumpe: Sisi Wanyakyusa tuna nini?

Sosthenes: Vichwa. Clement nilimwambia. Nikamwambia kaka, huyu utagombana naye mpaka kaburini.

Tumpe: Na tuligombana. Kila siku. Na hakuwahi kuniambia nimemkosea mama yake. Hata siku moja. ...Usinyamaze. Ukinyamaza najua unatafuta neno la kunichoma.

Sosthenes: Sitafuti.

Tumpe: Basi sema. Kwa nini huji? Usiniambie gari. Malori yanapita Mafinga kuja Mbeya usiku na mchana, na nusu yake yana mbao zako. Dastan analeta mzigo Mwanjelwa kila wiki, anapita hapa, anamsalimia mama, anakunywa chai. Dereva wako anamjua mama yako kuliko wewe. Kwa nini?

Sosthenes: Achana na hayo.

Tumpe: Siachi.

Sosthenes: Aliniita Clement.

Tumpe: Nini? Unakatika.

Sosthenes: Nimesema, aliniita Clement! Mara ya mwisho nilipokuja. Nimekaa pale pembeni ya kitanda, kanishika mkono, kaniambia, “Clement, umerudi. Nilijua ni uongo.” Na mimi nimekaa. Niseme nini? Niseme mimi siye, nimuue Clement mara ya pili? Niseme ndiye? Nikasema “Ndiyo, mama.” Nikala chakula cha marehemu, kwa jina la marehemu, nikaondoka. Sasa unataka nije nifanye nini pale? Nije niwe Clement tena?

Tumpe: Ilikuwa saa ngapi?

Sosthenes: Unauliza saa?

Tumpe: Ulikaa naye sebuleni? Umeme ulikuwepo?

Sosthenes: Haukuwepo. Mliwasha mshumaa.

Tumpe: Basi. Ni lile giza. Gizani kila mwanaume ni Clement, hata daktari kaitwa Clement. Dastan kaitwa Clement. Asubuhi nikimfungulia mlango wa barazani kidogo, anatujua wote, mmoja mmoja, na madhambi yetu. Ungeniambia, Sosthenes. Miezi yote hii nakutukana moyoni, ungesema tu.

Sosthenes: Ningesemaje? Mwanaume anapiga simu kusema—

[sauti ya mbao zikivunjika, bati likianguka]

Sosthenes: Nini hiyo? Tumpe! Nini kimeanguka?

Tumpe: Ni bati. Rabson ametoa— mama wee!

Sosthenes: Imeanguka? Slabu? Mama yuko wapi? Tumpe!

Tumpe: Mama tulimsogeza ukutani, yuko na Blessing, tumewafunika turubai. Hamna kilichoanguka. Ni mbao. Zimetoka zote. Mama wee, Sosthenes, njoo uone— hapana, huwezi kuona. Jua limeingia.

Sosthenes: Limeingia vipi?

Tumpe: Limeingia ndani! Limeshuka hadi sakafuni, limekaa pale kama mkeka. Naona vumbi lote. Naona utando wa buibui sijawahi kuuona. Khaa, nyumba yangu ni chafu hivi? Blessing, toa turubai. Sukuma kitanda, taratibu, kwenye jua. Hapo. Hapo hapo.

Sosthenes: Anasemaje?

Tumpe: Hasemi. Kafumba macho. Kaweka mkono usoni. Subiri.

Sosthenes: Mwanga mkali huo, utamuumiza—

Tumpe: Subiri, nimesema! ...Katoa mkono. Anaangalia juu. Anaangalia sakafuni, pale kivuli kilipofika.

Mama: Tumpe!

Tumpe: Abee, mama.

Mama: Kumbe kumekucha!

Tumpe: Kumekucha, mama.

Mama: Kumekucha mpaka jua limefika hapo, na nyie mmeniacha na njaa! Uji wangu uko wapi? Nyumba hii watu wanalala mpaka saa ngapi?

Tumpe: [anacheka, analia] Unaletwa, mama. Blessing, kimbia, uji uko kwenye chupa, weka sukari. Haraka kabla hajaghairi!

Sosthenes: Nani huyo anagomba?

Tumpe: Mama yako.

Sosthenes: Anagomba hivyo?

Tumpe: Anatugombeza kwa nini hatujampa chakula! Mimi! Mimi ndiye niliyemnyima chakula, unasikia? Nitukane mama, nitukane hadi jioni. Ndaga fijo, asante sana, Rabson! Mungu akuone!

Sosthenes: Mpe simu. Tumpe, nakuomba. Mpe mama simu, nimebakiza salio kidogo, la Dastan hili.

Tumpe: Ngoja amalize kumeza... Mama, shika. Ongea na simu.

Mama: Haloo. Ni nani?

Sosthenes: Kamwene, mama.

Mama: Kamwene. Ni nani?

Sosthenes: Ni... ni mimi, mama. Mwanao.

Mama: Mwanangu yupi? Sema jina, una aibu nalo?

Sosthenes: [anahema]

Mama: Huyu Sosthenes. Anapumua kama amepanda mlima. Toka utoto wako, ukikosea unapumua hivyo. Umefanya nini?

Sosthenes: Sijafanya kitu, mama. Nipo juu ya magogo. Mama, wanataka kuziba tundu la—

Mama: Sosthenes.

Sosthenes: Naam, mama.

Mama: Nakula. Mtu akiwa anakula hapigiwi simu, nilikufundisha. Tumpe, chukua kidude chako.

Tumpe: Haloo? Umesikia?

Sosthenes: Nimesikia.

Tumpe: Umesikia alivyokuita?

Sosthenes: Nimesikia, nimesikia. Anakula kweli?

Tumpe: Anafuta bakuli kwa kidole. Shemeji, nakuambia mapema usije ukasema nilikudanganya: kioo kinawekwa leo, kabla jua halijazama. Wewe au ukoo au nani sijui, kinawekwa.

Sosthenes: Ni kinene?

Tumpe: Kinene. Mwenyekiti kakikanyaga.

Sosthenes: Mwambie Rabson asikilaze sawasawa. Akiinamishe kidogo upande wa nyuma, maji yasituame. Kikilala sawa, masika ya kwanza tu kitavuja kwenye silikoni.

Tumpe: Ameshainamisha. Hakungoja simu yako.

Sosthenes: Na akivuke ukingo, asikiishie pale pale—

Tumpe: Kimevuka.

Sosthenes: Na zile nondo alizokata, asiziuze. Vipande vile. Niwekee.

Tumpe: Za nini?

Sosthenes: Niwekee tu, Mama Blessing. Nitavichukua mwenyewe.

Tumpe: Lini?

Sosthenes: Sikiliza, salio linaisha, limeshalia. Mwambie mama nakuja. Mwambie siyo kwa lori, nakuja kwa basi, mchana, jua likiwa juu kabisa. Mwambie Jumamosi—

Tumpe: Haloo? ...Jumamosi nini? ...Sosthenes? Haloo! ...Imekatika. Mama, kasema anakuja Jumamosi.

Mama: Ipi?